Bei Isiyokamilika Si Bei

Atembeaye katika soko lolote la hapa Bumula, liwe la Kimaeti, la Khasoko au la Bumula penyewe, anaijua kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: bei ya kwanza itamkwayo na muuzaji ndiyo ya juu kabisa. Mama mwenye mafungu ya nyanya akisema shilingi hamsini, mnunuzi huguna, hugeuza kisogo, huitwa, na akiwa na subira hulipa arobaini. Kuku naye, ambaye katika nchi hii yetu ya Wabukusu ni kiumbe mwenye heshima zake, anaweza kujadiliwa tangu asubuhi hadi jua la utosini, lakini mjadala huo huelekea upande mmoja tu, nao ni wa chini. Haijanitokea hata siku moja, katika miaka yote niliyokwenda sokoni na kikapu, kwamba niliafikiana na muuzaji kwa shilingi arobaini, nikatia mkono mfukoni, kisha akaniambia: "Ngoja kwanza, mwalimu, bado kuna shilingi sita na senti arobaini za serikali."

Katika maduka ya mtandaoni mambo yamepinduliwa miguu juu, kichwa chini. Huko bei ya kwanza ndiyo ya chini kabisa, na kadiri mnunuzi anavyozidi kuingia ndani ndivyo inavyozidi kupanda, mfano wa mtu anayeingia mtoni Nzoia akidhani maji ni ya magoti.

Nitatoa mfano ulionipata mimi mwenyewe, wala sitalitaja duka lenyewe kwa jina, maana si duka moja lenye mwenendo huo na nia yangu si kumchongea mtu. Muhula mmoja sisi walimu tisa wa shule moja ya sehemu hii tulichoka kusafiri hadi mjini Bungoma kila tulipotaka kuchapa mitihani. Tukachanga shilingi 2,000 kila mmoja, zikawa 18,000. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta printa, kwa sababu ambayo mpaka leo siielewi, isipokuwa pengine kwamba simu yangu ndiyo pekee ambayo kioo chake hakikuwa kimepasuka. Nikaipata. Picha yake ilikuwa nzuri, maelezo yake yalikuwa mazuri zaidi, na chini ya picha, kwa tarakimu nyekundu zilizonona, palikuwa na shilingi 17,500. Nikawatangazia wenzangu katika chumba cha walimu kwamba tungebakiwa na shilingi 500 za kununulia karatasi. Wakanipongeza.

Nikajaza jina. Nikajaza nambari ya simu. Nikachagua kituo cha kuchukulia mzigo mjini Bungoma. Nikakubali masharti ambayo sikuyasoma, na ningependa kukutana na mtu aliyewahi kuyasoma. Katika ukurasa wa nne, kidole changu kikiwa tayari juu ya kitufe cha kulipia, jumla ikajitokeza: shilingi 20,750. Nilipotazama vizuri niliona mstari mmoja wa shilingi 2,800, ambazo ni Ushuru wa Ziada wa Thamani, huo ambao sote twauita VAT, na mstari mwingine wa shilingi 450 za usafirishaji. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaukuza kwa vidole viwili, na huko chini kabisa, kwa herufi ndogo mfano wa sisimizi, palikuwa na maneno yaliyoarifu kwamba bei zote hazijumuishi ushuru. Tulikuwa tumepungukiwa na shilingi 2,750, na mimi nilikuwa nimepungukiwa na uso wa kuwarudia wenzangu.

Najua yupo msomaji atakayeuliza: kwani hukuambiwa kabla ya kulipa? Ulidanganywa wapi? Ulionyeshwa jumla, ukapewa nafasi ya kukataa, ukakataa. Mkenya huru amefanya uamuzi huru. Swali hilo ni la haki, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu sheria zetu nazo zimesimama papo hapo penye neno hilo "kabla".

Tuanze na sheria mama. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu hicho hicho kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kumlinda mnunuzi na ya kuhakikisha kwamba matangazo ya biashara ni ya haki, ya kweli na ya staha. Bunge likatunga Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012. Ndani yake mna sehemu inayohusu mikataba ya intaneti, nayo yasema kwamba kabla ya mnunuzi kuingia katika mkataba wa namna hiyo, muuzaji sharti amfunulie habari zilizoainishwa, ampe nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, na nafasi ya kusahihisha makosa. Asipofanya hivyo, mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba katika muda uliowekwa. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo, katika kifungu cha 56, yasema kwamba mnunuzi wa huduma ana haki ya kuarifiwa ada zote atakazotozwa, kwa jina lolote zitakaloitwa, na kwamba mtu hawezi kumtwisha ada ambazo hakuarifiwa kabla ya kupewa huduma.

Sheria hizi ni nzuri, wala sizibezi. Lakini zote zimejengwa juu ya neno lile moja. "Kabla" ni lini? Ukurasa wa kwanza ni kabla. Ukurasa wa nne nao ni kabla. Hata nukta moja kabla ya kubonyeza kitufe ni kabla. Duka linalonifichulia ushuru dakika ya mwisho limetii andiko la sheria huku likiivunja roho yake, na mwanasheria wake aweza kusimama mahakamani na kuitetea tabia hiyo bila kutokwa na jasho.

Mwanadamu si mashine ya kukokotoa. Akifika ukurasa wa nne amekwisha kutumia nusu saa na bando la intaneti. Amekwisha kuwaahidi watoto, au kama mimi, kuwatangazia walimu wenzake. Moyo umekwisha nunua, bado mkono tu. Mtu aliyekwisha kuualika ukoo mzima kwenye harusi haivunji ndoa kwa sababu bei ya kukodi mahema imepanda asubuhi ile. Wanaozipanga kurasa hizi wanalijua jambo hilo kuliko sisi, na ndiyo sababu ushuru huwekwa mwishoni na si mwanzoni. Kama mahali pa kuuweka pasingekuwa na athari yoyote kwa mnunuzi, basi angalau nusu ya maduka yangeuweka mwanzoni, kwa bahati tu.

Yupo mwingine anayeumia, naye huyu hatajwi sana. Tuseme kuna duka la pili lenye printa ile ile, nalo limeandika bei kamili, shilingi 19,900, ushuru ukiwa ndani. Anayetafuta kwa simu huona 17,500 upande huu na 19,900 upande ule. Atakwenda wapi? Atakwenda kwenye 17,500, akidhani ameokoa shilingi 2,400, ilhali kwa kweli amepoteza 400. Muuzaji mkweli ameshindwa, na si kwa ubora wa bidhaa wala kwa ughali wake. Ameshindwa kwa kusema kweli mapema mno. Baada ya miezi michache ya kushindwa hivyo, yeye naye ataanza kuandika bei nusu. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kudai bei kamili ni kuwapiga vita wafanyabiashara wanakosea: wa kwanza kufaidika na amri hiyo ni mfanyabiashara mwaminifu, ambaye kwa sasa anaadhibiwa kila siku.

Kwa vile nawaandikia walimu na wanafunzi, yafaa nieleze kidogo ushuru wenyewe. VAT ilianza kutozwa nchini mwaka 1990, ikichukua nafasi ya ushuru wa mauzo uliokuwapo tangu 1973. Kiwango cha kawaida kimekuwa asilimia 16 tangu 2003, isipokuwa ile miezi ya ugonjwa wa korona, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Disemba 2020, kiliposhushwa hadi asilimia 14 kabla ya kurudishwa Januari 2021. Mfanyabiashara aliyesajiliwa huukusanya kwa niaba ya serikali. Akinunua bidhaa za kuuza huulipa, na anapopeleka hesabu zake hujirudishia ule alioulipa. Anayebaki na mzigo wote mgongoni ni yule wa mwisho, anayenunua ili atumie: mzazi, mwanafunzi, mwalimu wa printa.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kwanza ya wanaopinga. Wao husema kwamba wateja wao wengi ni kampuni, na kampuni hazijali ushuru kwa kuwa hujirudishia, hivyo bei isiyo na ushuru ndiyo iliyo na maana kwao. Ni kweli. Duka linalouza kwa jumla kwa wenye maduka lina sababu ya kuonyesha bei hiyo. Lakini ukurasa unaoweza kufunguliwa na kila mtu aliye na simu si duka la jumla, ni gulio. Na hakuna kinachozuia tarakimu mbili kuandikwa mahali pamoja: ile kamili kwa herufi kubwa, ile ya kampuni kando yake kwa herufi ndogo. Ninachokataa ni herufi za sisimizi kupewa habari zilizo muhimu kuliko zote.

Hoja ya pili ni kwamba viwango vya ushuru hubadilika na ni usumbufu kubadilisha bei. Sioni haja ya kuijibu kwa kirefu. Mwenye duka la rafu aliye na vibandiko elfu tatu ndiye mwenye haki ya kulalamika. Mwenye duka la mtandaoni hubadilisha tarakimu moja katika programu yake, akaenda kunywa chai.

Hoja ya tatu ni nzito, na nakiri kwamba ilinishughulisha. Wapo wasemao kwamba ushuru ukifichwa ndani ya bei raia huusahau, na raia asahauye ushuru anaolipa hawezi kuiuliza serikali umekwenda wapi. Mwaka 2024 vijana wa nchi hii waliusoma Mswada wa Fedha kifungu baada ya kifungu. Pendekezo la kuutoza mkate ushuru wa asilimia 16 liliondolewa mwezi Juni kabla hata ya mswada kupigiwa kura, na baada ya maandamano ya Juni 25 Rais alikataa kuutia sahihi. Je, si vyema basi kila raia auone ushuru ukisimama peke yake, uchi, badala ya kuvikwa nguo za bei? Naam, auone. Lakini pa kuuonea ni kwenye risiti, na kando ya bei kamili, pale pale mwanzoni. Kumwonyesha mtu ushuru katika ukurasa wa nne si kumfundisha uraia. Ni kumshtua tu, na mshtuko haumwelekezi kwa serikali. Humfanya ajilaumu kwa kutosoma vizuri.

Kuhusu usafirishaji nitasema kwa tahadhari, maana hapo wenye maduka wana haki ya nusu. Gharama ya kufikisha mzigo Bumula si sawa na ya kuufikisha mtaani Nairobi, na duka haliwezi kuijua kabla ya kujua niko wapi. Basi na liulize kwanza. Kuniuliza niko kaunti gani ni swali la sekunde tatu. Lakini kisingizio hicho hakiwezi kuazimwa na ushuru. Huko Marekani, ambako majimbo mengi na hata miji mingi hujiwekea ushuru wake wa mauzo, muuzaji aweza kusema kwamba hajui atakutoza ngapi mpaka ajue unakoishi. Kwetu VAT ni ile ile kuanzia Mombasa hadi Malaba. Muuzaji anaijua kabla hujazaliwa katika ukurasa wake.

Na wale wanaosema kwamba bei kamili haiwezekani katika nchi kama yetu nawaomba watazame kituo chochote cha petroli. Kila tarehe 14 ya mwezi halmashauri inayosimamia kawi, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa za mafuta, mji baada ya mji, ushuru wote na gharama ya usafirishaji zikiwa ndani. Mwenye bodaboda akisoma bei kwenye bango huzidisha kwa lita anazotaka, basi. Hajawahi kuambiwa, mpira ukiwa bado ndani ya tangi, kwamba sasa tuongeze na ushuru. Biashara yenye ushuru mwingi na mkanganyiko mwingi kuliko zote nchini imeweza kuuza kwa tarakimu moja. Wauza printa wameshindwa na nini?

Mfano mwingine ni wa simu zenyewe. Kuna wakati ulipotuma pesa au kulipa kwa simu ulijua umekatwa ngapi baada ya kukatwa. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ikaziamuru benki na kampuni za simu ziwaonyeshe wateja gharama ya huduma zinazotolewa kupitia simu. Amri hiyo haikuua huduma ya pesa kwa simu. Watu waliendelea kutuma, tofauti ikiwa kwamba walijua.

Nje ya mipaka yetu jambo hili limekwisha kuzeeka. Sheria ya VAT ya Afrika Kusini ya mwaka 1991 inataka bei inayotangazwa iwe na ushuru ndani yake. Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 1998 kwamba bei ya kuuzia bidhaa kwa mtumiaji iwe ile ya mwisho, pamoja na VAT. Japani iliwapa wafanyabiashara ruhusa ya muda ya kuandika bei bila ushuru, na ruhusa hiyo ikakoma Machi 2021. Uingereza, kwa sheria ya 2024 iliyoanza kutumika katika jambo hili Aprili 2025, imepiga marufuku mtindo wa kuidondosha bei tone baada ya tone. Hata Marekani, penye desturi ya kuongeza ushuru mwishoni, imewalazimisha wauzaji wa tiketi za tamasha na vyumba vya kulala, tangu Mei 2025, kuonyesha mapema ada zote za lazima, ingawa ushuru wenyewe waweza kuongezwa baadaye. Sitaki tuige kila kitokacho ng'ambo. Nataja haya ili mtu asije akaniambia kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa.

Hapa nyumbani kuna mtindo mwingine unaonikera zaidi, nao ni ule wa kutoandika bei kabisa. Fungua kurasa za Facebook zinazouza viatu, makochi au simu za mitumba. Utaiona picha, utazisoma sifa, na mahali pa bei utakuta maneno "njoo inboksi". Ukienda huko faraghani, muuzaji hukuchunguza kwanza. Aliye na picha ya gari nyuma yake hutajiwa bei yake, na aliye na picha ya shamba la mahindi hutajiwa ya kwake, na wawili hao hawatakutana kamwe wakalinganisha. Watetezi husema ni mapatano kama ya sokoni. Si kama ya sokoni. Sokoni mama wa nyanya hutaja bei mbele ya umati, na anayesimama nyuma yako husikia ulichotajiwa wewe.

Aidha, bei isiyo na ushuru hufungua mlango wa wizi mtupu. Kwa mujibu wa Sheria ya VAT ya 2013, mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya bidhaa zinazotozwa ushuru hufikia shilingi milioni 5 kwa mwaka ndiye anayelazimika kujisajili. Asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mtu VAT hata senti moja. Lakini mnunuzi aliyezoea kuona mstari wa "ongeza asilimia 16" haulizi. Hulipa, na pesa hizo hazifiki Hazina ya Taifa bali huishia mfukoni mwa mwenye duka. Mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti mdogo na aombe risiti yenye nambari ya usajili ya muuzaji, kisha aikague katika mtandao wa iTax wa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Risiti za mfumo wa eTIMS zina alama ya kupigwa picha kwa simu, nayo hueleza kama zimefika KRA. Bei ikiwa kamili tangu mwanzo, ujanja huu unakosa mahali pa kujificha, maana muuzaji hana tena mstari wa kuongeza.

Nafahamu kwamba wasomaji wa rika langu watashtuka wakisikia neno "bei" na neno "serikali" katika sentensi moja. Twakumbuka enzi za udhibiti, bei ya unga, sukari na mkate ilipotangazwa na serikali, na sukari ikatoweka madukani ili ipatikane usiku kupitia mlango wa nyuma. Udhibiti huo uliondolewa hatua kwa hatua hadi miaka ya mwanzo ya 1990, na sililii urudi. Muuzaji na aweke bei aitakayo. Akitaka printa yake iuzwe shilingi laki moja, ni shauri lake na la wateja wake. Ninachodai ni kwamba akiisha kuiamua, aiandike yote.

Ninataka, kwa hiyo, sentensi moja tu iongezwe katika kanuni za Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi, na kazi hiyo ni ya waziri anayehusika wala haihitaji Bunge zima likeshe: kwamba bei ya bidhaa au huduma inayoonyeshwa kwa mnunuzi katika mtandao iwe, mara ya kwanza inapoonyeshwa, ni ile kamili, ikiwa na VAT na ada zote ambazo mnunuzi hawezi kuzikwepa. "Mara ya kwanza" badala ya "kabla". Maneno hayo matatu yangetosha kuliondoa lile pengo la kurasa nne. Na mwenye kuyavunja atozwe faini inayozidi faida aliyoipata, la sivyo ataihesabu faini kama gharama nyingine ya biashara na kutuongezea, bila shaka, katika ukurasa wa mwisho.

Wakulima wa miwa wa sehemu hii hawahitaji kufunzwa maana ya haya. Wao wanajua tangu zamani tofauti iliyopo kati ya bei ya tani inayotangazwa na pesa zinazobaki baada ya makato ya ukataji, ya usafirishaji, ya mbolea na ya mbegu. Baba anaporudi na karatasi ya malipo, nyumba nzima huisoma kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu huko chini ndiko iliko kweli. Watoto wa nyumba hizo ndio tunaowafundisha, na sasa wananunua kwa simu.

Nilipokisimulia kisa cha printa darasani, nikawauliza wanafunzi wangu swali ambalo nawashauri walimu wenzangu wa Hesabu na wa Biashara walijaribu. Ikiwa bei kamili ni shilingi 20,300, ushuru uliomo ndani ni ngapi? Wengi walikimbilia asilimia 16 ya 20,300, wakapata 3,248. Wamekosea, kwa sababu ushuru huhesabiwa juu ya bei ya asili, si juu ya bei iliyokwisha kuongezwa. Jibu ni kuigawa bei kamili kwa 116 na kuzidisha kwa 16, au kwa ufupi, nne juu ya ishirini na tisa, nazo ni shilingi 2,800. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, kama sisi tunahitaji kipindi kizima kuitafuta hesabu hii, na wao wanayo kwenye kompyuta, kwa nini kazi wametuachia sisi?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Printa tuliinunua hatimaye katika duka moja la mjini Bungoma, lenye kipande cha kadibodi mlangoni kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: shilingi 20,000, ushuru ndani. Zilizopungua zilikuwa 2,000. Mwalimu mkuu, ambaye awali hakuwamo katika mchango, akakubali kuwa mtu wa kumi.